Kabla ya Kuiita UTI Sugu, Ilipimwaje?

Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, Tabora mjini. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Mwangaluka, mama zangu. Mwangaluka na ninyi akina baba mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka. Msitoroke, zamu yenu inakuja.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze habari ya UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo. Mimi ni mtu wa maabara. Kutwa nzima nakaa na mikojo ya watu, na nawaambia mapema: mkojo hausemi uongo, ila sisi wenyewe tunaufundisha kusema uongo. Tutaona tunaufundishaje.

Kwanza, naomba yeyote ambaye hajawahi kuambiwa ana UTI anyooshe mkono. Naona mikono michache, na mmojawapo ni wa mtoto mchanga, kanyooshewa na mama yake. Haya. Ukumbi umejaa, na karibu sote tumewahi kuambiwa tuna UTI. Kiuno kikiuma, UTI. Uchovu, UTI. Homa, UTI na taifodi, haziachani. Jamani, kweli sote tuliugua? Sote? Au kuna mahali tunapimwa vibaya?

UTI ya kweli ipo. Inauma, na ikipanda kwenye figo inaweza kuua. Sikuja kuidharau. Nimekuja kusema juu ya ile nyingine, UTI ya kwenye karatasi, ambayo mtu anaitibu mara tatu, mara nne, kisha anaibatiza jina: UTI sugu. Mimi nikisikia "UTI sugu" nauliza swali moja tu. Ilipimwaje?

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, unaitwa HATUA. Kwa upande wetu walikuwa Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya. Walichukua wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi hizo tatu, wote wamekuja hospitali wakiwa na dalili za UTI. Hawakuwa watu waliokuja kusindikiza ndugu. Mikojo yao ikapelekwa maabara, vimelea vikaoteshwa. Waliokutwa na bakteria wa kutosha kuitwa UTI walikuwa takriban theluthi moja. Theluthi moja! Katika kila watatu wanaolalamika, mmoja. Wale wawili waliobaki walikuwa wanaumwa nini? Na wangepewa dawa za UTI, zingewatibu nini? Halafu kwa yule mmoja aliyekuwa nayo kweli, sehemu kubwa ya bakteria walikuwa wameshazoea dawa za aina kadhaa. Kwa hiyo tunawapa dawa wasioihitaji, na anayeihitaji tunampa isiyofanya kazi.

Sasa twende kwenye vipimo vyenyewe. Naanza na cha zamani kuliko vyote, macho.

Watu wamekuwa wakiutazama mkojo tangu enzi na enzi. Matabibu wa Ulaya ya kale walikuwa na chupa maalumu ya kioo, wanaiinua kwenye mwanga na kulinganisha rangi. India walishaona kwamba mkojo wa watu fulani unavuta sisimizi, maana una sukari. Na bibi zetu je? Hawakuchungulia ndoo ya usiku wakasema "mtoto huyu maji hayamtoshi"? Msiwacheke. Macho bado ni kipimo. Tatizo ni pale tunapoyataka yaseme zaidi ya uwezo wao. Mkojo wa njano iliyokolea, mara nyingi hujanywa maji, na joto la Tabora mwezi wa kumi mnalijua. Mkojo wa rangi ya chungwa, pengine unameza dawa za kifua kikuu. Mkojo wenye ukungu unaweza kuwa na usaha, unaweza pia kuwa na chumvichumvi zisizo na neno. Bakteria mwenyewe hatumwoni kwa macho.

Na damu? Hapa nikae kidogo, kwa sababu mkoa wetu ni wa mpunga na malambo.

Kuna kijana wa darasa la tano, kwao wanalima mpunga. Anakojoa damu. Baba yake kamnunulia dawa dukani, ameambiwa ni UTI. Damu ikapungua, ikarudi. Akanunua nyingine, kali zaidi. Ikarudi. Baba akaja zahanati anasema mwanawe ana UTI sugu, anataka sindano. Muuguzi pale, mama mtu mzima, hakushika sindano. Alimuuliza kijana: "Damu inakuja mwanzo wa mkojo, katikati au mwisho?" Kijana akasema mwisho, matone ya mwisho kabisa. "Na mnaoga wapi?" Kwenye majaruba, bibi.

Mmeshaelewa. Kichocho. Minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu, mayai yake yana mwiba mmoja nchani na yanachana yakitoka. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao Cairo mwaka 1851, hivyo si habari mpya. Dawa yake ni prazikwanteli, na kichocho hakijali hata kidogo dawa za kuua bakteria. Kipimo chake nacho kina saa zake: mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi, na mtoto akimbiekimbie kidogo kabla ya kukojoa. Ukileta mkojo wa alfajiri, mayai yanaweza yasionekane, ukaambiwa uko salama. Na mama zangu, kichocho hicho hicho hushambulia hata via vya uzazi vya mwanamke, akahisi maumivu na kutokwa na uchafu, akatibiwa magonjwa ya zinaa miaka nenda rudi.

Angalieni muuguzi yule alitumia kipimo gani. Maswali mawili. Hakuna umeme uliowashwa. Kuuliza ni kipimo! Tafiti za wenzetu zimeonyesha kwamba mwanamke mwenye maumivu wakati wa kukojoa na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na hana muwasho wala uchafu ukeni, uwezekano wa kuwa na UTI unapita asilimia 90. Lakini akiwa na muwasho na uchafu ukeni, uwezekano huo unashuka sana, tufikirie fangasi na magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo ukifika mbele ya daktari usiseme "nina UTI, niandikie sipro", ile dawa ya kuua bakteria. Hilo ni jibu. Yeye anahitaji dalili. Sema inachoma wapi, tangu lini, unatokwa na nini, una mimba au huna. Naye daktari asiyekuuliza lolote akakuandikia kipimo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, wewe mwambie mwenyewe, usingoje aulize.

Haya, tuje kwenye kijiti.

Wengi mmekiona: kijiti cha plastiki chenye vidoa vya rangi, kinachovywa kwenye mkojo, dakika moja au mbili rangi zinabadilika. Kwenye UTI tunatazama vidoa viwili. Cha kwanza kinatafuta dalili ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Wakiwepo wengi kuna ugomvi mahali. Cha pili kinatafuta nitriti. Bakteria wengi wa UTI hugeuza nitrati ya kwenye mkojo kuwa nitriti, na ujanja wa kuitambua nitriti kwa rangi ulibuniwa karne ya 19 na mkemia Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia huko Uingereza. Naona akina baba wa mlangoni wameamka.

Kidoa cha nitriti kikibadilika rangi, mara nyingi ni kweli. Kisipobadilika, usishangilie bado. Bakteria anahitaji kukaa na mkojo kama saa nne kibofuni ili nitriti itoshe kuonekana. Sasa mwenye UTI anakwenda chooni kila baada ya nusu saa. Atazipata wapi saa nne? Tena wapo bakteria wa UTI wasiotengeneza nitriti kabisa. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa kipimo hiki.

Na kidoa cha chembe nyeupe kina udhaifu wa namna nyingine. Nakumbuka mama mmoja alikuja na majibu ya kituo fulani yameandikwa usaha mwingi, yaani chembe nyeupe nyingi. Alikuwa ameshatumia dawa mara mbili. Nikamuuliza mkojo ule aliupeleka kwenye nini. Chupa ya soda, aliisuuza. Aliukinga vipi? Alianza kukojoa, akakinga hapo hapo. Kituoni kulikuwa na foleni, chupa ikakaa dirishani juani mpaka mchana. Nikampa kikopo safi, nikamwelekeza, akarudi na mkojo ambao chini ya hadubini haukuwa na usaha wa kutisha hata kidogo. Ule usaha wa kwanza ulitoka ukeni, alikuwa na uchafu wa kawaida tu, ukasombwa na mkojo ukaingia chupani. Mtaalamu mzuri angegutuka mapema, kwa sababu chembe nyingi za ngozi kwenye mkojo ni ishara kwamba sampuli imechafuliwa.

Na dirishani je? Bakteria akipata joto na chakula hujigawa kila baada ya dakika kama 20. Tufanye hesabu pamoja, ninyi ni watu wa hesabu za kikundi. Ameanza mmoja. Saa moja, wanane. Saa mbili, 64. Saa tatu, 512. Mkojo wa mtu mzima wa afya ukisahaulika dirishani unakuwa mkojo wa mgonjwa. Mmeona tunavyoufundisha uongo?

Kwa hiyo sikilizeni, hili ndilo la kubeba nyumbani kama hamtabeba jingine. Nawa mikono. Jisafishe mbele kwenda nyuma. Tanua, anza kukojoa chooni, usikinge. Katikati ya mkojo ndipo uingize kikopo, kinge kiasi, toa, malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala ya kifuniko. Kipeleke maabara muda ule ule. Kikikaa zaidi ya saa moja au mbili bila kupimwa, kiwe kwenye jokofu. Ukimwona mtaalamu anakipanga dirishani, muulize kwa adabu, "Mwanangu, kitapimwa saa ngapi?" Hatakupiga.

Kipimo cha tatu ndicho mfalme, nacho ndicho tunachokikimbia. Kuotesha vimelea, hospitalini mtasikia wanasema kalcha.

Nyie watu wa tumbaku mtanielewa kuliko watu wa Dar es Salaam. Mbegu ya tumbaku ni vumbi, ukiimwaga shambani huwezi kusema ni ipi. Unaipeleka kwenye kitalu, unaipa udongo laini, maji na kivuli, baada ya siku kadhaa miche imesimama unaihesabu. Ndicho tunachofanya. Tunachukua tone dogo la mkojo kwa kijiko chenye kipimo, tunalipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, tunaliweka kwenye joto kama la mwili usiku kucha. Asubuhi kila bakteria aliyekuwa peke yake amekuwa kundi linaloonekana kwa macho. Kuna chakula kimoja cha rangi ya kijani-buluu, akiota E. coli, bakteria wa utumboni, kinageuka njano. Tunahesabu. Kiwango cha bakteria 100,000 kwa kila mililita, cha kuitwa UTI, tulikipata kwa Edward Kass wa Marekani miaka ya 1950, ingawa leo kwa mwenye dalili za wazi hata idadi ndogo zaidi hukubaliwa. Kisha tunaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali juu ya sahani. Dawa inayofanya kazi inaacha duara tupu kuizunguka. Isiyofanya kazi, bakteria wanaota mpaka mlangoni kwake.

Mwanamke mmoja mfanyabiashara, anasafirisha asali, alikuja kwetu akiwa amechoka. UTI ya karibu mwaka mzima. Ametumia sipro, ametumia azithromaisini, amechomwa sindano za siku tano, amekunywa dawa za mitishamba za chupa zilizoandikwa "UTI sugu kwaheri". Tulimwomba asimeze dawa yoyote ya bakteria kwa muda, kisha tukaotesha. E. coli. Sipro haikuacha duara. Ile ya sindano haikuacha duara. Naitrofurantoini, dawa ya zamani ya miaka ya 1950 ambayo wengi humu hamjaisikia, ikaacha duara pana na zuri. Akatumia siku tano tu. Alichohitaji tangu mwanzo ni mtu wa kumwambia yule bakteria anaiogopa dawa ipi.

Mtaniambia, kalcha haipo zahanati ya kwetu, na majibu yanachukua siku mbili tatu. Ni kweli. Sisemi kila mtu aoteshe. Mwanamke kijana, dalili za wazi, mara ya kwanza, daktari anaweza kumtibu kwa maswali na kijiti. Lakini UTI iliyorudi, au isiyosikia dawa, au ya mwanamume, mtoto au mjamzito, au yenye homa kali na maumivu ya ubavuni, hiyo iombewe kalcha hata kama ni kwa rufaa. Na mkojo utolewe KABLA ya kumeza kidonge cha kwanza. Dozi moja tu ya dukani inatosha kuzuia bakteria wasiote, sahani ikaja safi, ukaambiwa huna kitu ilhali unacho.

Akina baba, sasa ninyi. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni kama sentimita 4, wa mwanamume ni kama 20. Ndiyo maana UTI huwashika zaidi wanawake. Bakteria ana safari fupi. Na anatoka wapi? Daktari wa watoto Theodor Escherich alimweleza E. coli mwaka 1885, alimkuta kwenye choo kikubwa cha watoto wachanga. Anaishi kwenye utumbo wa kila mmoja wetu. Hakuokotwa kwenye choo cha stendi, wala hakuletwa na mwanamume mwingine. Nasema hili wazi kwa sababu kuna ndoa mjini hapa zilizoingia mtikisiko kwa karatasi yenye neno UTI. UTI si ugonjwa wa zinaa. Na wewe baba, ukichomwa na mkojo usijipe moyo kwamba mkeo kakuambukiza UTI. Kwa mwanamume tunatafuta tezi dume, mawe, au kisonono, na kisonono nacho kina mahali kilipotoka. Mnacheka, lakini mmenisikia.

Nimeulizwa pia habari ya mashine mpya. Zipo, na nyingine zinafurahisha. Mnaijua GeneXpert ya kupimia kifua kikuu; inatafuta vinasaba vya kimelea bila kukiotesha. Vipimo vya aina hiyo kwa ajili ya mkojo vipo katika nchi nyingine, vinataja aina ya bakteria kwa saa chache. Mwezi Juni 2024 Zawadi ya Longitude ya Uingereza, pauni milioni 8, ilikwenda kwa kampuni ya Sysmex Astrego ya Sweden kwa mashine ya mkojo tu. Inataka chini ya nusu mililita. Inawapitisha bakteria kwenye vijia vyembamba mno, kamera inawatazama wanavyokua mbele ya dawa tofauti. Dakika 15 inasema wapo au hawapo. Dakika 45 inasema dawa ipi itawaweza. Fikirieni yule mama wa asali angekaa kwenye benchi dakika 45 badala ya mwaka!

Bado ni mashine za kwao, za gharama, na kwenye zahanati zetu sijaiona hata moja. Hata zikija, nina wasiwasi na zile za vinasaba. Siku hizi imejulikana kwamba kibofu cha mtu mzima wa afya hakikosi bakteria. Mashine yenye macho makali itawaona wote, wakiwemo wasio na hatia. Bibi wa miaka sabini asiye na dalili yoyote, ukimkuta na bakteria kwenye mkojo, mara nyingi huhitaji kumtibu. Dawa itamsumbua tumbo na kuwafundisha bakteria wake usugu.

Isipokuwa mjamzito. Yeye hata asipohisi chochote, akikutwa na bakteria atibiwe, kwa sababu asipotibiwa bakteria wanaweza kupanda kwenye figo, na mtoto akazaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Kwa hiyo kliniki wakikuomba mkojo usiwaambie huumwi.

Leo tumekuja na vikopo, vijiti na kisanduku cha barafu. Wajawazito waliomo humu waanze, dada muuguzi yuko pale mlangoni, choo kiko nyuma ya ukumbi, maji na sabuni vipo. Mkojo wa katikati. Atakayekuwa na mashaka kwenye kijiti tutauchukua mkojo wake ukaoteshwe, na namba ya simu aiache kwa muuguzi. Wengine tubaki na maswali. Naanza na mama yule wa kitenge cha njano, maana ananitazama kwa jicho kali tangu nilipowagusa wenye dawa za chupa.